Kisu cha springi na ala yake: ninavyovitengeneza uani kwangu

Mchana niko gereji hapa Moshi, nafungua na kufunga springi za pikapu na magari ya watalii. Jioni nikirudi nyumbani Pasua, zile zilizokatika nazigeuza visu. Uhunzi sijausomea popote. Chanzo ni mama mkwe wangu wa Kibosho, aliyekuwa akishuka kihambani, shambani kwake kwa migomba, na kisu kikapuni, amekizungushia kitambaa. Siku moja ncha ikatoboa kikapu, ikamchana juu ya kisigino. Akanipigia simu: "Baba Neema, si wewe ni fundi? Nitengenezee kisu chenye nguo yake."

Nguo yake, yaani ala.

Kisu cha kwanza kilipinda kama ulimi wa ng'ombe. Cha pili kilipasuka kabla hakijapata mpini. Cha tatu kilikata vizuri, lakini ala yake ilidumu wiki mbili tu. Cha nne ndicho alicho nacho hadi leo, na ndicho nitakachokueleza hapa, huku nikiyataja makosa ya vile vitatu kila tukiyafikia. Kama una haraka, soma sehemu ya moto na sehemu ya ala. Hayo mengine mtu aliyezoea kushika tupa atayaweza mwenyewe.

Chuma

Kila mara kuna mtu ananiletea kipande cha nondo, anataka kisu. Nondo ya kujengea nyumba haina kaboni ya kutosha. Uichome utakavyo, uizamishe utakavyo, itabaki laini na makali yatalala siku ya kwanza. Springi ya gari ni habari nyingine: ina kaboni karibu asilimia 0.6, ndiyo maana inakubali kuwa ngumu bila kuwa kama kioo. Tafuta jani jembamba, yaani bamba moja la springi ya pikapu, milimita 6 au 7. Springi za malori ni nene mno, utamaliza mkaa wa mwezi mzima kuzipunguza.

Jani lililokatika lina nyufa nyingine usizoziona. Gereji tunaziona hivi: paka chuma mafuta ya taa, subiri robo saa, kifute kikauke kabisa, halafu kipake unga wa chaki. Penye ufa mafuta yaliyojificha yatapanda juu, utaona mstari mweusi mwembamba kwenye chaki. Hapo kata, tupa, chukua upande mwingine. Na chuma chochote kilichopakwa zinki kisiingie motoni kwako. Moshi wake unalaza mtu na homa usiku mzima.

Springi ilivyo haikatiki kwa tupa, kwa hiyo kwanza ilainishe. Ichome hadi iwe nyekundu, uifukie kwenye debe la majivu makavu, uiache mpaka asubuhi. Ikitoka hapo tupa itaing'ata vizuri.

Tanuri langu ni rimu ya gari iliyokandikwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu, bomba la chuma linaingilia chini, na kikaushio cha nywele cha mke wangu kinapuliza. (Alinunua kingine. Nilimnunulia mimi, tuseme ukweli.) Udongo wa kichuguu hauchaniki ovyo kwenye moto. Miaka ya 1970 wazee wa Kihaya walipojenga upya tanuru la kuyeyushia chuma mbele ya watafiti wa Kimarekani, walitumia udongo wa kichuguu. Na huku kwetu Kilimanjaro chuma cha zamani kilitoka Upare, kwa Washana, ukoo wa wahunzi. Wao walikuwa na mivuo ya ngozi ya mbuzi; mimi natumia umeme, ukikatika nakaa.

Fuawe yangu, chuma ninachofulia juu yake, ni kichwa cha nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, nimekizamisha kwenye gogo. Watu huniuliza kwa nini nisitafute kipande cha reli. Reli ni mali ya umma, ndugu yangu, na kipande kimoja uani kinaweza kukutafutia maelezo marefu kituoni.

Umbo

Anza na kadibodi. Nilimkatia mama mkwe visu vitatu vya kadibodi, akavishika kimoja kimoja akijifanya anakata jani la mgomba. Alichagua kifupi: bapa la sentimita 14, upana 3.5, mpini 11. Mimi ningemtengenezea kirefu, na ningekosea.

Fua jani la springi likiwa jekundu hadi linyooke na kufikia milimita 4. Wekundu ukififia, acha kugonga, rudisha motoni. Ukigonga chuma kilichopoa unapanda nyufa. Chora umbo, kata kwa grainda yenye kinga yake na miwani machoni, malizia kwa tupa. Msuka, ule mkia wa chuma unaoshikwa na mpini, uache mpana kama mpini wenyewe, ili mbao zikae pande mbili. Toboa matundu mawili ya milimita 3.5 kwenye msuka sasa hivi. Ukisubiri mpaka chuma kigumuke, utavunja keekee tatu na tundu hutalipata.

Kisha teremsha pande mbili za bapa kuelekea makali. Hapa nakushauri uache grainda utumie tupa, ingawa ni jioni mbili nzima. Grainda inakula upande mmoja kabla hujapumua. Chora mstari katikati ya ukingo wa makali kwa kalamu ya wino mzito, ufanye kazi upande huu mara 20, geuza, upande ule mara 20. Usifikishe makali. Acha ukingo uwe na unene wa kadi ya benki. Ukiupeleka motoni ukiwa mwembamba kama wembe, utajikunjakunja kama jani la kabichi.

Kile kisu changu cha kwanza kilipindia hapo: upande wa kulia niliula kuliko wa kushoto. Jichoni kilionekana sawa. Mafuta ya kukigumishia yakanionyesha.

Moto

Kisu kilichofuliwa kina mivutano ndani. Kabla ya kukigumisha, kichome hadi kiwe chekundu, kitoe, kining'inize hewani penye utulivu mpaka kiwe cheusi. Rudia mara tatu. Ni kazi isiyo na maonyesho, na watu wengi huiruka. Usiiruke.

Sasa siku yenyewe. Mimi nasubiri saa kumi na mbili jioni, kwa sababu mchana wa jua jicho linadanganya: chuma unachokiona hakijaiva kumbe kimeshapita. Chukua sumaku ya spika mbovu, uifunge kwenye waya. Tayarisha mafuta ya kupikia, mimi natumia ya alizeti, lita 4 au 5 kwenye ndoo ya chuma iliyo ndefu kiasi cha kumeza kisu kizima, na mfuniko wake ukae karibu. Ndoo ya plastiki hapana. Oili chafu ya injini hapana pia, ingawa gereji ninayo mapipa. Moshi wake haufai kifuani. Maji nayo yasikaribie, maana mafuta yakishika moto dawa yake ni mfuniko.

Mafuta yawe na moto wa nyuzi 50 hadi 60. Mtu anaweza kudhani mafuta baridi yatapoza upesi zaidi, kumbe yakiwa baridi ni mazito na yanapoza polepole. Nachoma kipande kingine cha chuma nakitumbukiza humo kwanza, napima kwa kipimajoto cha jikoni.

Kisu kiweke kwenye mkaa uliokolea, mgongo chini, makali juu, ukisogeze mbele na nyuma ili ncha isiive peke yake. Gusa na sumaku. Mwanzoni inashika. Inaendelea kushika wekundu ukiwa umeshaanza, na hapo wengi hukata tamaa. Karibu na nyuzi 770 sumaku inaachia ghafla, kama vile chuma kimegeuka mti. Bado. Kiache kipate rangi kidogo zaidi ya pale, kama nyuzi 830, wekundu unaoanza kuwaza kuwa chungwa, na rangi iwe moja kutoka ncha hadi mwanzo wa mpini. Ukiona sehemu yenye kivuli, subiri.

Halafu usisite. Toa kwa koleo, ncha chini, zamisha wima kwa mwendo mmoja. Moto mdogo utawaka juu ya mafuta, usishtuke ukakiinua. Kama utakitikisa, tikisa kwa kufuata makali, mbele na nyuma kama unayekata mkate. Ukikitikisa kwa ubapa kinapinda. Hesabu hadi 15.

Kisu cha pili nilikizamisha kwenye maji, kwa sababu filamu zote huzamisha kwenye maji. Kelele za mvuke zilikuwa kubwa, jirani alichungulia. Katikati ya kelele nilisikia mlio mmoja mdogo, tiki, kama kucha ikigonga glasi. Nilikifuta, nikakitazama kwenye taa: ufa kama unywele, kutoka makali hadi katikati ya bapa. Niliukwaruza nikitumaini ni masizi. Chuma cha springi kinataka mafuta.

Kisu kikipoa, pitisha tupa kwenye makali. Ikiteleza na kulia kama unapitisha juu ya chupa, umefaulu. Iking'ata, hakikugumuka, rudi kwenye ile hatua ya kutoa mivutano, uanze tena.

Lakini kisu hicho ukikiangusha sakafuni sasa hivi kinaweza kukatika vipande viwili. Ni kigumu mno. Kinahitaji kutulizwa, na kitulize siku hiyo hiyo. Kioshe kwa sabuni mafuta yote yatoke, kisugue kwa msasa mpaka king'ae, kiweke kwenye oveni nyuzi 200 kwa saa mbili, kitoe kipoe, kirudishe saa mbili nyingine. Ukikitoa kitakuwa na rangi ya nyasi kavu. Rangi ikifika zambarau au buluu kwenye makali, umepitiliza, ugumu umeondoka. Neno la sabuni lichukulie kwa uzito. Mara moja nililipuuza, na keki ya siku ya kuzaliwa ya Neema ilinukia tanuri.

Mpini na makali

Nitapita haraka. Mbao natumia mninga: unafanyika vizuri na hautanuki sana na maji. Mpingo ni mzuri kuliko wote, ni mzito kiasi cha kuzama majini, na wachongaji huwa na vipande vidogo visivyowafaa. Lakini vumbi lake linawasha macho na kifua, vaa barakoa. Bandika mbao mbili kwa gundi ya mirija miwili, baada ya kukwaruza msuka na kuufuta kwa spiriti. Pini zangu ni fimbo za shaba za kuchomelea, milimita 3.2, zinapita kwenye matundu yale, nagonga pande zote mbili taratibu zivimbe. Malizia ule upande wa mbele wa mbao kabla hujabandika, maana baadaye hutaweza kuusugua bila kukwaruza bapa. Paka mafuta ya kitani mara tatu. Vitambaa ulivyopakia vitandaze nje vikauke kimoja kimoja. Vikirundikwa pamoja vinaweza kujiwasha vyenyewe.

Kunoa, weka grainda mbali kabisa. Joto la sekunde moja kwenye ukingo mwembamba linafuta kazi yote ya jana. Jiwe na maji, kwanza la namba 400, kisha 1000. Kwa kisu cha upana huu, mgongo ukiinuka kama milimita 12 juu ya jiwe umepata pembe ya nyuzi 20 hivi. Noa upande mmoja hadi uhisi kikucha chembamba kimejitokeza upande wa pili kinakwaruza kidole, ndipo ugeuze. Mwisho kipitishe kinyumenyume kwenye mkanda wa ngozi.

Ala

Ngozi si ngozi tu. Nyingi inayouzwa kwa mafundi viatu imetengenezwa kwa kromu: laini, nyororo, na chumvi zake hukaribisha kutu kwenye chuma. Tafuta iliyotengenezwa kwa magome, yenye unene wa milimita 3. Nchini kwetu dawa ya magome inayojulikana ni ya miwati, ile miti ya Njombe. Jinsi ya kutofautisha: kata ukingo utazame ndani. Ya kromu mara nyingi ina rangi ya kijivu au samawati katikati. Ya magome ni ya kahawia hadi ndani. Dondosha tone la maji: ya magome inalinywa na kuwa nyeusi kidogo. Nilipoanza nilikuwa nanunua mabaki kwa kilo, nusu yalikuwa kromu iliyopakwa rangi ya kahawia juu, na sikuwa na wa kumlaumu kwa sababu sikuchungulia ukingo.

Laza kisu juu ya karatasi ngumu, kigeuze kama unayefunua ukurasa ili upate pande mbili, uongeze sentimita 1.5 upande wa makali. Kata ngozi kwa kiolezo hicho. Shona kwanza mkanda wa kupitisha mshipi, kwa sababu ala ikishafungwa mkono hauingii.

Sasa sikiliza kuhusu ala ya kisu cha tatu. Nilikunja ngozi, nikashona ukingo, ikapendeza, mama mkwe akaivaa. Baada ya wiki mbili alinirudishia ikiwa imefunguka kama ganda la njugu. Kila alipokuwa akichomeka kisu, makali yalikuwa yakipita juu ya uzi, yanakata mshono mmoja mmoja. Dawa yake ni ukanda mwembamba wa ngozi, upana wa sentimita 1, uliokaa kati ya kuta mbili kuanzia mdomoni hadi nchani. Makali yanakutana na ukanda huo, uzi uko nyuma yake. Bandika tabaka zote tatu kwa gundi ya viatu, zibane usiku kucha.

Alama za matundu piga kwa uma wa jikoni: ukandamize kwenye ngozi, sogeza, jino la kwanza likae kwenye alama ya mwisho. Mistari itanyooka kuliko ukipima kwa rula. Toboa kwa msharasi, ukiushika wima. Ukiulaza kidogo tu, nyuma matundu yatatembea kama mlevi. Uzi uwe mara nne ya urefu wa mshono, uupitishe kwenye nta ya nyuki, na kila ncha iwe na sindano yake. Sindano zote mbili zinapita kwenye kila tundu, moja kutoka kulia, nyingine kutoka kushoto, kisha vuta pande zote kwa nguvu moja. Cherehani haishoni hivi. Hapa uzi mmoja ukikatika, wa pili unabaki umeshika. Ukifika mwisho, rudi nyuma matundu matatu, kata.

Ikishashonwa, itumbukize kwenye maji ya uvuguvugu mpaka viputo viishe. Kizungushie kisu nailoni tabaka mbili, kisukume ndani, na kwa vidole ikandamize ngozi pembeni mwa mpini mpaka umbo lake lijichore. Nailoni usiidharau. Mara ya kwanza niliona ni usumbufu, nikachomeka kisu kitupu kwenye ngozi mbichi nikaenda kulala. Asubuhi ala ilikuwa na picha ya kisu kwa nje, nyeusi tii, hadi pini mbili za mpini zikiwa zimezungukwa na kivuli. Dawa ya magome iliyomo kwenye ngozi ikikutana na chuma na maji inazaa wino. Baadaye fundi viatu mmoja mzee aliniambia kwamba yeye hupaka ngozi rangi nyeusi hivyo hivyo kwa makusudi: misumari yenye kutu aliyoiloweka kwenye siki wiki nzima. Nimejaribu, na rangi haitoki.

Kausha kivulini, siku mbili. Jua linaifanya ngozi ijikunje na kukakamaa. Kisha sugua kingo kwa msasa, zilowanishe kidogo, uzisugue kwa kitambaa kizito mpaka zing'ae, malizia kwa nta. Toboa kitundu kidogo nchani mwa ala, maji ya mvua yapate pa kutokea.

Kisu kisilale ndani ya ala nyumbani. Ngozi inavuta unyevu hewani, na Kibosho unyevu haukosekani. Ala ni ya safari ya kihambani. Kikirudi kinafutwa, kinapakwa tone la mafuta ya kula, kinawekwa nje ya ala.

Mama mkwe alinipigia tena baada ya mwezi. "Baba Neema, kisu chako kimeoza." Nilipanda daladala na moyo mzito. Alikuwa amekimenyea ndizi za mtori, na utomvu umekitia rangi ya buluu na kijivu kama mgongo wa samaki. Nikamweleza kwamba ni jambo lile lile la ngozi na chuma, kwamba rangi hiyo haili chuma kama kutu, aiache tu. Alikijaribu mbele yangu kwenye nyanya iliyoiva sana, kikapita bila kuiminya. Akakirudisha juu ya kabati, kinapokaa kila siku. Ala niliiona imetundikwa kwenye msumari karibu na mlango, ndani yake kuna mkasi wake wa kushonea.